Mashine ya Pili

Watu wengi hudhani mashine ya kutafuta dhahabu hutafuta dhahabu. Ukweli ni kwamba haijui dhahabu ni nini. Inapitisha umeme kwenye waya uliozungushwa ndani ya sahani ya plastiki, umeme unazaa usumaku unaoshuka ardhini, na chochote cha metali kilicholala huko chini kinajibu. Msumari unajibu. Kifuniko cha soda kinajibu. Ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara inajibu kwa sauti tamu kuliko vyote. Dhahabu nayo hujibu, siku ikitaka. Kuchagua kipi kichimbwe na kipi kiachwe ni juu ya aliyevaa hedifoni, na kabla hajafika hapo inabidi achague mashine yenyewe. Mimi nimechagua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa rahisi: pesa zilikuwa kidogo na mashine ilikuwa moja.

Mimi ni fundi wa simu Kakamega mjini. Mwaka wa 2014 jamaa mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo alinionyesha Garrett AT Gold aliyotaka kuuza. Wengine wangeona utajiri. Mimi niliona saketi safi. Ilikuwa inafanya kazi kwa kilohezi 18, na ilikuwa haiogopi maji. Hilo la maji si dogo kwa mtu anayetembea kando ya Yala na Isiukhu, katika nchi ambayo mvua ya alasiri haingoji mwaliko. Kwa miaka mitano nilifunga kibanda kila Jumamosi saa saba, nikapanda boda hadi Ikolomani, nikatembea na fimbo yangu inayolia huku watoto wakinifuata nyuma kama wanafuata bendi. Dhahabu yote niliyopata miaka hiyo ingeenea kwenye kifuniko cha kalamu. Chuma kilijaza ndoo baada ya ndoo.

Mwaka wa 2019 mama alilazwa. Niliiuza mashine kwa bei ya siku hiyo na sijawahi kuihesabu kama hasara.

Kilichonirudisha ni mteja. Kijana alileta mashine iliyokufa sauti, akaniuliza kama anayetengeneza simu anaweza kutengeneza na hiyo. Waya ulikuwa umekatika pale unapoingia kwenye sahani, mahali ambapo unapindwa kila siku hadi unachoka. Niliukata, nikaulehemu upya, nikavaa hedifoni ili nijaribu. Ule mvumo ukarudi. Kwa mtu mwingine ni mvumo wa friji. Kwa aliyewahi kutembea nao ni kama kusikia mtu akivuta pumzi kabla ya kusema. Nilisogeza sahani juu ya bisibisi, ikalia. Nikaisogeza juu ya pete yangu, ikalia kwa namna nyingine. Yule kijana alilipa akaenda zake, na mimi nikakaa na ukimya wa kibanda nikijua kwamba nitanunua tena.

Bei nayo ilikuwa inasukuma. Machi 2025 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31 na kidogo, ilivuka dola 3,000 duniani, na ikaendelea kupanda. Kule kwetu habari kama hiyo haifiki kwa gazeti. Inafika kwa namna vijana wanavyopungua kwenye stendi ya boda.

Basi mashine ipi? Kwa kifupi ziko aina mbili za maana kwetu, na tofauti yao ni tofauti ya masikio.

Aina ya kwanza hupeleka wimbi bila kukoma na kusikiliza wakati huohuo, kama mtu anayeimba huku akisikiliza mwangwi wake. Ni nyepesi, bei yake inafikika, na ina akili ya kubagua: inaweza kukwambia, hiki kinaelekea kuwa chuma, hiki huenda si chuma. Udhaifu wake ni udongo. Udongo wetu una chuma ndani yake, na murram ndiyo mbaya zaidi. Ukipitisha mashine ya namna hii juu ya murram, ardhi yenyewe inapiga kelele, na usipoisawazisha kila hatua chache utakuwa unachimba sauti za mawe.

Aina ya pili hupiga pigo moja la nguvu, inanyamaza, halafu inasikiliza. Katika ule ukimya mfupi kuliko kupepesa jicho, kelele za udongo hufifia kwa namna inayotabirika na mashine inazipuuza. Kilichobaki kikijibu ni metali. Hii inashuka chini zaidi na murram haiisumbui sana. Lakini haibagui vizuri. Kwake msumari na punje ya dhahabu ni ndugu, na utawachimba wote wawili.

Ungekuwa jangwani, ambako hakuna aliyewahi kujenga wala kutupa, ungechukua aina ya pili na kumaliza mjadala. Kakamega siyo jangwa. Mwaka wa 1931 Mmarekani aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu huku, na muda si muda mamia ya Wazungu wakamiminika, wengi wao walowezi ambao mdororo wa uchumi ulikuwa umewamaliza mashambani kwao. Walikuja na mabati, mikebe ya nyama, misumari, risasi, waya na mitambo. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952 ukafungwa. Wenyewe walikwenda, vyuma vyao vikabaki. Ndiyo maana mtu wa mashine hapa kwetu anabanwa pande mbili: udongo unamwambia nunua ile ya mapigo, takataka za 1931 zinamwambia nunua ile inayobagua. Hakuna inayofanya yote mawili vizuri kwa bei ya fundi wa simu.

Nilianza kuulizia. Mtu wa kwanza aliniletea mashine kubwa yenye jina kubwa, kwa bei iliyokuwa ndogo mno kwa jina hilo. Nilimwomba ruhusa niifungue. Alisita, kisha akakubali. Ndani kulikuwa na ulehemu wa haraka haraka, skrubu za ukubwa tofauti, na bodi ambayo maandishi yake yalikuwa yamekwanguliwa. Nimeona simu bandia za kutosha kujua jamaa wa aina hiyo. Ilikuwa inalia, ndiyo, ukiiwekea nyundo. Nilimfungia vizuri nikamrudishia. Bandia ni nyingi Afrika nzima tangu dhahabu ianze kutafutwa kwa mashine, na mnunuzi asiyejua kulehemu hana njia ya kuchungulia ndani. Kwa hivyo ushauri wangu kwa yeyote anayenunua ni mfupi: nenda na sarafu, msumari na pete ya dhahabu ya mtu unayemwamini, vizike kwenye udongo halisi wa kwenu, siyo juu ya meza, na umwambie muuzaji asiongee.

Mtu wa pili alikuwa tajiri. Simtaji, maana hakunikosea. Ananunua dhahabu kwa wachimbaji na anajua kila mtaro kutoka Lirhanda hadi Yala. Alikuja kibandani akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaagiza chai kwa simu.

"Fundi," akasema, "mimi naleta GPX 6000, original, na risiti. Mafuta ni yangu, chakula ni yangu. Wewe ni masikio tu. Ukipata, tunapiga nusu, na yako unaniuzia mimi."

GPX 6000 ni mashine ya mapigo iliyotoka 2021. Ina uzito wa kilo mbili na kitu, inajisawazisha yenyewe, na bei yake ukiigeuza kwa shilingi inakaribia ya gari dogo la mitumba. Nilikaa kimya. Fundi yeyote angekaa kimya.

"Na tutaanza wapi?" nikamuuliza.

"Si kwa shangazi yako? Pale kuna mtaro wa wazungu. Kila mtu anajua."

Hapo ndipo mambo ya kilohezi yalipoisha na mengine yakaanza.

Shamba la senge liko mteremkoni Idakho, ekari moja na nusu hivi, chai kidogo, mahindi, ndizi, mboga karibu na jikoni. Chini kabisa, kabla ya kijito, kuna bonde refu jembamba lililoota magugu. Si la mvua. Lilichimbwa na watu, wakati babu yangu, baba yake senge, alikuwa kijana. Senge hakuwa amezaliwa, lakini ameisikia habari hiyo mara nyingi hadi anaisimulia kama aliyekuwepo. Mzungu alikuja asubuhi na vijana wawili, akapima kwa hatua, akapiga vigingi vinne, akaandika kitu kwenye daftari, akaenda. Kuka alibaki anatazama vigingi kwenye mtama wake.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, ikiahidi kwamba ardhi za hifadhi zitakuwa za wenyeji daima, na kama kipande kitatwaliwa, watapewa kingine kinacholingana. Dhahabu ilipopatikana, ahadi hiyo ilidumu muda mfupi sana. Mwishoni mwa 1932 sheria ilirekebishwa ili ardhi ya dhahabu itwaliwe bila kulipwa ardhi nyingine. Ingetosha kulipa pesa. Watu wa Kakamega walijifunza maana ya neno "daima" kwa miaka miwili.

Nilipomwendea senge kumweleza kuhusu mashine, sikuficha la tajiri. Alikuwa anachambua mrenda. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwa Kiidakho, taratibu, bila kuinua macho:

"Mwanangu, mzungu alikuja na kigingi. Wewe unakuja na fimbo inayolia. Nionyeshe tofauti."

Nilimweleza sheria ya sasa, kwa sababu nilikuwa nimeisoma. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na kuwapa kibali cha miaka mitatu. Mrabaha wa madini hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale yanapochimbwa. Ridhaa ya mwenye ardhi inahesabika. Nilimweleza pia kwamba madini yenyewe, yakiwa bado ardhini, ni mali ya Jamhuri, yanashikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya wananchi.

"Kwa hivyo shamba ni langu," akasema, "na kilicho chini ya shamba si changu."

"Ndiyo, senge."

"Na sasa hivi nani anajua kama kipo?"

"Hakuna."

"Basi sasa hivi shamba lote ni langu."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote nilichosoma kuhusu mashine. Sisi wa hedifoni tunazungumza juu ya kina kana kwamba ni jambo jema peke yake. Hii inasikia kiasi gani? Na hii? Kwenye matangazo, kina ndicho kila kitu. Hakuna anayeuliza kinachotokea baada ya kusikia. Dhahabu iliyosikika haikai kimya tena. Ukichimba shimo moja usiku, kesho kuna mashimo manne, na kesho kutwa kuna mtu aliyevaa viatu safi anauliza hati ya shamba iko kwa jina la nani. Hati ya senge bado iko kwa jina la kuka, aliyekufa kabla sijazaliwa. Katika hali hiyo, mashine inayosikia mbali haimwongezei senge chochote. Inamwondolea kile alichonacho, ambacho ni kutojulikana.

Siwalaumu wanaochukua mashine ya tajiri. Nina marafiki wanaotembea na mashine za wengine, na nusu ya kitu ni zaidi ya sifuri. Lakini mkataba wa nusu kwa nusu una shurti lisilotamkwa: mwenye mashine ndiye anayeamua mtatembea wapi. Masikio ni yangu, miguu ni yake. Na miguu yake ilikuwa imeshaelekea kwa senge.

Nilimpigia tajiri nikamshukuru. Alicheka, akasema, "Fundi, utazeeka kwa bisibisi," na tukaachana vizuri. Bado huniletea simu zake nizitengeneze.

Kwa akiba yangu mwenyewe nilinunua Minelab Gold Monster 1000. Siyo kubwa, pamoja na jina lake la kutisha. Inatumia kilohezi 45, masafa ya juu, ambayo hufanya isikie punje ndogo sana karibu na uso wa ardhi. Vya chini sana inaviacha walipo. Uzito wake haufiki kilo moja na nusu, kwa hivyo bega langu linaweza kufanya kazi siku nzima. Inajisawazisha na udongo yenyewe. Sahani yake ndogo inapita katikati ya mizizi na mawe ya kijitoni. Sahani inaingia majini lakini boksi la juu halipendi maji, basi mvua ikianza nalivalisha mfuko wa nailoni wa mkate. Ina kipimo kidogo kwenye skrini kinachobashiri kama sauti ni ya chuma au la. Ni ubashiri, siyo kiapo. Msumari mkubwa ulioliwa na kutu unaweza kukidanganya, na punje ya dhahabu iliyolala kwenye murram kali inaweza kuitwa chuma. Kwa hivyo sheria yangu ni hii: palipo na takataka nyingi nasikiliza kipimo, palipo safi nachimba kila kitu.

Jumamosi natembea nayo kwenye eneo la kikundi chetu, lenye kibali, kando ya mto. Kina mama wa karai walinitazama kwa shaka mwanzoni. Wao hupata dhahabu kwa kuosha mchanga, sufuria baada ya sufuria, na mtu mwenye mashine anaweza kupita akachukua punje zile kubwa ambazo ndizo zingewalipa siku yao. Tulikaa tukazungumza. Tukakubaliana nipite kwenye marundo ya zamani, yale yaliyokwisha kuoshwa, na kwenye mawe ambayo karai haifiki. Siku nyingine napata kitu cha sehemu ya gramu. Siku nyingi napata risasi za bunduki na vipande vya jembe.

Kwa senge nilirudi pia, kwa kazi aliyonipa mwenyewe. Ile bustani ya mboga iko pale palipokuwa na kambi ya wachimbaji, na kila msimu jembe linatoa misumari. Wajukuu wake hutembea peku. "Kama inasikia chuma," aliniambia, "nitolee chuma." Hilo ndilo jambo mashine yoyote duniani hulifanya bila kukosea. Kwa Jumapili tatu nilipita mstari kwa mstari, senge akinifuata na ndoo. Misumari ya mabati, vipande vya waya, mdomo wa chepeo, kitasa cha sanduku. Mjukuu mkubwa alibeba ndoo hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na kurudi na pesa za sabuni na sukari. Ni pesa za kwanza ambazo dhahabu ya 1931 imewahi kuiletea familia yetu.

Jumapili ya pili mashine ilitoa sauti safi, isiyo ya chuma. Chini ya kidole kimoja cha udongo kulikuwa na senti kumi ya Afrika Mashariki, ya shaba, yenye tundu katikati, ya 1936. Niliipangusa kwa mate nikasoma jina: Edward VIII. Mfalme huyo alikaa chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba hiyo ya 1936. Lakini sarafu zenye tundu hazina sura ya mtu, hazikuhitaji kungoja picha yake ichorwe, na ndiyo maana zetu zilitoka na jina lake mapema. Kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, kitu kinahesabiwa cha kale kikiwa cha kabla ya 1895, kwa hivyo hii haikuwa na pa kupelekwa. Nilimpa senge. Aliipitisha uzi kwenye tundu, akaifunga kwenye ufunguo wa ghala.

Jumapili ya tatu tulifika ukingoni mwa ule mtaro. Bustani ilikuwa imeisha. Nilikuwa nageuka nizime mashine, sahani ikapita juu ya nyasi, na ikalia. Sauti fupi, laini. Nilirudia kutoka upande wa pili. Ikalia tena, pale pale. Kipimo kilisimama upande usio wa chuma.

Senge alikuwa amesimama na ndoo. Amenifuata kiasi cha kutosha kuzijua sauti.

"Hiyo si msumari," akasema.

"Si msumari, senge. Inaweza kuwa karatasi ya sigara."

"Inaweza."

Alitazama mtaro, kisha akatazama juu, nyumbani, ambako wajukuu walikuwa wanakimbizana peku kwenye bustani. Akaniambia nivue hiyo kitu ya masikioni nimsaidie kubeba. Juma lililofuata nilipokwenda kumwona, pale mahali palikuwa na mche wa ndizi, umemwagiliwa vizuri, na udongo wake umekanyagwa ukakazwa pande zote.